Shem Khaemba na Meza Ambayo Hamkuizunguka

Mchungaji, wazee wetu wa pande zote mbili, majirani wa mtaa huu wa Jamhuri, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyote mlioacha shughuli zenu asubuhi hii, mimi ni Lornah Namalwa, dada yake marehemu anayemfuata kwa kuzaliwa, na nimesimama hapa kwa sababu wanaume walioombwa kusoma historia hii walikataa mmoja baada ya mwingine, wa upande wetu akitaka habari za wakwe zipunguzwe, wa upande wa wakwe akitaka habari za vyakula vya baharini ziondolewe kabisa, na mwingine akisema sauti yake imekauka, ingawa jana nilimsikia akibishana kuhusu mahema mpaka barabarani. Kwa hiyo nitasoma mimi, na nitasoma yote, na ninaomba mnivumilie, kwa maana mimi nimewavumilia ninyi kwa muda mrefu.

Marehemu Shem Khaemba Sifuna alizaliwa Jumapili tarehe 6 Machi 1932, karibu na Kimilili, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Yohana Sifuna, ambaye tuko naye katika hema la kushoto, na mama yetu Rael, aliyetutangulia mwaka wa 1959, na tangu utotoni alipenda kukaa jikoni na mama kuliko kuchunga ng'ombe, jambo lililomuudhi baba sana, kwa kuwa kwetu mvulana aliyekaribia kutahiriwa hakutarajiwa kufunua vyungu na kuuliza ni kwa nini mboga za leo ni chungu kuliko za jana. Alitahiriwa Agosti 1946, akasimama imara, na hata wale ambao hawakumpenda hawajawahi kusema vingine.

Alianza masomo yake katika shule ya misheni mwaka wa 1941, akafika darasa la sita, akaacha Desemba 1948, kwa sababu ambazo baba huzieleza kwa njia moja na mama yetu alikuwa akizieleza kwa njia nyingine, nami sitaingia hapo, maana leo tuna magomvi ya kutosha. Februari 1951 alipanda treni Bungoma akaja Nairobi, akapata kazi ya kuosha sufuria katika nyumba ya mwenye shamba la kahawa huko Loresho, akapandishwa akawa msaidizi wa mpishi, na kufikia mwaka wa 1957 alikuwa mpishi mwenyewe, mwenye kofia nyeupe na funguo za stoo.

Hapa ningepaswa kuendelea na kazi, kama desturi ilivyo, lakini nitaitanguliza ndoa, kwa sababu asiyeijua ndoa ya Shem hataelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu aliagiza kaa kutoka Mombasa.

Katika nyumba ile ya Loresho maziwa yaliletwa kila asubuhi na msichana kutoka Uthiru, binti wa Mzee Mungai na Mama Njambi, ambao tuko nao katika hema la kulia, na msichana huyo ndiye wifi yangu Wanjira aliyeketi hapa mbele yetu, mama yake Philister, mtoto wao wa kwanza. Shem alianza kuyapokea maziwa mwenyewe badala ya kumwachia msaidizi, akaanza kulalamika kwamba maziwa ni machache ili yaletwe mara mbili, na tarehe 5 Agosti 1961 walifunga ndoa kanisani, hapa Nairobi. Baba yetu hakuja, akisema yeye haijui njia ya Uthiru na haoni sababu ya kujifunza njia mpya uzeeni, na Mzee Mungai naye hakuja, akisema hakumlea binti yake aje aolewe na watu wa mbali wanaokula samaki. Nakumbuka viti vya mbele vya pande zote mbili vilikuwa wazi, mpaka mpiga picha akawaomba waliokaa nyuma wasogee mbele ili picha isionekane ya msiba.

Kuanzia siku hiyo ndugu yangu alitaka jambo moja katika maisha yake, akaniambia mara nyingi mpaka nikachoka kulisikia, kwamba baba yake mzazi na baba mkwe wake waketi nyumbani kwake, kwenye meza moja, wale chakula alichokipika yeye. Hakutaka shamba, hakutaka gari, hakutaka kuitwa mkubwa popote. Alitaka wazee wawili wale.

Agosti 1963 mwenye kahawa aliuza shamba akaondoka nchini, naye Shem akachukuliwa kazi Kitisuru na Bwana Landry, Mmarekani mtaalamu wa udongo, ambaye pamoja na mkewe walitoka Luiziana, upande wa kusini wa nchi yao, mahali ambapo, kama Shem alivyotueleza, watu huvua kaa na kamba kwenye vinamasi na kuwachemsha uani siku za mapumziko. Mwezi wa Mei 1964 Bwana Landry alitembelewa na ndugu yake wa kuzaliwa, na ndugu hao wawili walikuwa hawazungumzi kwa sababu ya shamba la baba yao, wakipitana sebuleni kama wapangaji wasiojuana. Bi. Landry akamwita Shem uani, akamwonyesha namna ya kufanya: sufuria kubwa ya maji yenye chumvi nyingi, ndimu zilizokatwa, vitunguu, vitunguu saumu, pilipili, mbegu za haradali na za dania, kisha viazi vikatangulia kwa sababu ni vigumu, vikafuatwa na mahindi mabichi yaliyokatwa vipande na soseji, kisha kaa, na mwisho kabisa kamba, ambao wakizidishiwa moto huwa kama mpira, halafu moto ukazimwa na kila kitu kikaachwa kinywe ile supu. Maji yalipomwagwa, chakula chote kilirundikwa katikati ya meza ndefu iliyotandikwa magazeti, bila sahani, bila uma, bila kiti cha mkubwa, na Bi. Landry akamwambia Shem, na yaya, na mtunza bustani, waketi nao.

Mambo ya siku hiyo aliyasimulia mpaka mwaka huu. Alisema ndugu wale wawili walianza kwa kunyamaza, lakini mtu akiwa na kaa mkononi hawezi kufanya lolote peke yake, atataka ndimu iliyo kwa mwenzake, atataka ile nyundo ndogo ya kuvunjia, atarukiwa na maji usoni na kuombwa radhi, na kabla lundo halijafika nusu walikuwa wakicheka na kubishana ni nani kati yao aliyekuwa akiogopa kaa utotoni. Shem akaondoka mezani ameamini kwamba chakula kile hakiliki na mtu aliyenuna.

Mimi nilimwambia, na mashahidi wapo, nikamwambia Shem, pika mbuzi, wazee wa pande zote mbili wanakula mbuzi. Akanijibu hivi: "Lornah, mbuzi ndiyo shida yenyewe. Mbuzi iko na sehemu ya wazee, sehemu ya wakwe, sehemu ya akina mama. Kwetu tunagawa hivi, kwa akina Wanjira wanagawa vile. Watagombana juu ya kichwa kabla hata chumvi haijafika." Na kweli nimeona mbuzi wengi wakivunja undugu, lakini kaa hana sehemu ya mzee, na hakuna mtu wa Uthiru wala wa Kimilili aliyewahi kunyimwa mguu wa kaa akakasirika.

Akina Landry walirudi kwao mwaka wa 1966, na tangu Oktoba mwaka huo mpaka alipougua, marehemu alikuwa mpishi katika hoteli moja katikati ya jiji, ambapo wenzake, ninaowaona pale nyuma na kofia zao mkononi, watakubaliana nami kwamba alikuwa mchapa kazi, msafi, na msumbufu kuhusu chumvi. Mungu aliwabariki yeye na Wanjira na watoto watatu, Philister aliyezaliwa tarehe 19 Juni 1962, Jamleck aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1964, na Rael aliyezaliwa tarehe 27 Januari 1968, aliyepewa jina la mama yetu, na mwaka huohuo wa kuzaliwa Rael walikuwa wamekwisha kuhamia nyumba hii ya Jamhuri, yenye uwanja huu mnaokalia, ambao Shem alisema aliupenda kwa sababu ungetosha meza.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, tarehe 15 Aprili 1968. Rafiki yake Mwanzia, aliyefanya kazi katika jiko la treni ya Mombasa, alimletea kikapu cha kaa na kamba kilichofunikwa kwa barafu na takataka za mbao, na Shem akapanga mafiga hapo mlipoweka maua, akaazima ile sufuria ya kanisa ya kupikia ugali wa harusi. Baba alikuwa ameahidi kuja, kisha akatuma ujumbe kwamba mahindi yanataka kupaliliwa, kwa hiyo upande wetu nilikuwa mimi peke yangu. Upande wa Uthiru walikuja wote, na walipofika waliwakuta kaa wakiwa hai ndani ya karai, mmoja akatoroka akaingia chini ya kiti cha Mama Njambi, naye akainua miguu yake na kuiweka juu ya kiti kingine, wala hakuishusha tena siku hiyo. Mzee Mungai alitazama lundo lilipomwagwa, akanyoosha kidole kwenye viazi, akauliza kwa upole, "Hii waru umechemshia kwa maji ya hawa wadudu?" Mtu mwingine angedanganya, na mimi nilimkanyaga mguu Shem ili adanganye, lakini yeye akajibu, "Ndiyo baba, hapo ndipo utamu umetoka." Mzee akasema, "Basi nipatie chai." Wakanywa chai, wakala mkate, wakaaga, na mimi na Wanjira tukabaki tumelitazama lundo la kutosha watu kumi na wawili.

Shem hakukasirika, na hilo ndilo lililonikasirisha. Alisema amejifunza. Alitumia miaka minne akifikiria samaki, jinsi ya kuwapa chakula watu ambao kwao samaki si chakula, akajaribu hiki na kile kwa ndugu yake Wanjira, Ndungu, mwenye duka Kangemi, mpaka akapata njia, nayo ilikuwa kupika nyama ya mbuzi iliyokatwa vipande vidogovidogo visivyo na jina wala sehemu, katika sufuria yake ya pekee, kwa viungo vilevile, kisha kuimwaga upande mmoja wa meza pamoja na viazi vyake, na kaa wakae upande wa pili. Ndungu alipeleka habari Uthiru na Mzee Mungai akakubali. Baba naye alikubali, akaja kwa basi pamoja na wazee wawili, na Jumanne tarehe 12 Desemba 1972, huku watu wengine wakienda kutazama gwaride, familia hizi mbili zilikaa hapa, kwenye meza moja iliyounganishwa kwa milango miwili na benchi za jirani yetu Mukonyo, na ninyi mliokuwepo mnajua kwamba sala iliombwa, na mikono ikanawishwa, na mvuke ulikuwa ukipanda, na mimi nikamtazama ndugu yangu nikaona amefunga macho.

Na baada ya hapo nini kilitokea? Mama Njambi, akiwa amefurahi, akaketi karibu na mkwewe, akanyoosha mkono kwenye lundo, na Shem akanyoosha wake, na baba yetu akasimama. Mlio wa upande wa kulia hamkuelewa, na hadi leo nadhani hamkuelezwa, kwa hiyo nawaeleza mimi. Kwetu mwanamume hali pamoja na mama mkwe wake. Hawashikani mikono, hawaketi pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia shambani, na hiyo si dharau, ni heshima kubwa kuliko zote tunazoweza kumpa mama aliyetuzalia mke. Baba alisema, "Sijawahi kuona mtu akila na mama mkwe kwa lundo moja, na sitakuja kuonea Nairobi," akaenda akasimama langoni, karibu na ule ua wa kayaba, na wazee wake wakamfuata. Mama Njambi akauliza kuna nini. Hakuna hata mmoja wetu aliyemjibu, kwa sababu kulieleza jambo hilo mbele yake nako ni aibu, na hivyo sisi wenye heshima nyingi tukamwacha mama wa watu aamini kwamba mkono wake umeonekana mchafu. Akanawa, akachukua leso yake, akaenda zake, na Mzee Mungai akamfuata.

Nilimwuliza Shem alisahauje, mtoto wa Mzee Yohana, aliyetahiriwa kwa mila zote, na jibu lake lilikuwa kwamba ameishi na Mama Njambi miaka kumi na mmoja, amemsalimia kwa mkono, amekunywa maziwa yake, amemshikia mtoto, na hakuna siku hata moja ambayo aliwahi kumfikiria kama mama mkwe. Alimfikiria kama mama. Alikuwa amehangaika na samaki mpaka akasahau mkwe. Nilimkasirikia kwa muda mrefu, na ninamkasirikia hata sasa akiwa amelala mbele yangu, kwa maana sisi ndio tuliobaki tukibeba maneno huku na huku, Uthiru wakisema watu wa Kimilili wana majivuno, Kimilili wakisema mtoto wao amerogwa kwa maziwa.

Mwaka wa 1976 alichukua likizo akaenda nyumbani, akawauliza wazee kama hakuna njia, na wazee wakamwambia njia ipo na imekuwepo siku zote, kwamba mkwe humvika mama mkwe wake blanketi mbele ya mashahidi wa pande zote, na baada ya hapo wanaweza kuketi na kula bila kosa. Ilikuwepo siku zote, na hakuna aliyeona vyema kuitaja kwa miaka minne. Baba akakubali. Mama Njambi alipoelezwa na Wanjira akacheka, akasema hata kesho. Siku ikapangwa, Jumatatu tarehe 26 Desemba 1977, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu yeyote wa upande wowote aliyekuwa na pingamizi kuhusu chakula, wala mila, wala kiti.

Nawaomba msikilize vizuri hapa. Baba na wazee wake walilala kwangu Kawangware. Mzee Mungai na watu wake walikusanyika dukani kwa Ndungu, Kangemi. Kufikia saa nne asubuhi wote walikuwa wamevaa makoti. Baba akasema ataondoka akisikia Mungai ameketi, kwa sababu baba wa bwana akitangulia ataonekana amekuja kuomba. Mzee Mungai akasema ataondoka akisikia Yohana ameketi, kwa sababu mke wake ndiye aliyeachwa mezani na hawezi kutangulia tena kama mwenye njaa. Mimi kazi yangu ni kuunganisha simu katika ofisi mjini, naunganisha watu wa Kisumu na watu wa Mombasa kutwa nzima, lakini siku hiyo nilitembea kwa miguu kutoka Kawangware kwenda Kangemi, kutoka Kangemi kwenda Kawangware, nikimwambia huyu yule anakuja, nikimwambia yule huyu yuko njiani, na kila mmoja akinijibu kwa sauti ileile, "Ameketi?" Viatu vilinikata. Na huku Jamhuri Shem alikuwa amesimama kwenye moto, akiongeza kuni akidhani mmekaribia, akipunguza kuni akiona hamjafika, akitia viazi, akivitoa, mpaka viazi vikawa uji, na kaa waliofika asubuhi wakiwa wazuri wakaanza kulegea.

Saa kumi alikimwaga chakula mezani. Walioketi ni mkewe, watoto wake, Mwanzia aliyeleta kikapu, Mukonyo na watu wa nyumbani kwake, na mimi, na ninasema mbele ya jeneza hili kwamba kilikuwa chakula kitamu kuliko chochote nilichowahi kula, na nilikila nikilia kwa hasira. Shem hakula. Alizunguka meza akituvunjia kaa.

Ugonjwa wake ulianza Februari mwaka huu kwa kukosa pumzi akipanda ngazi za hoteli, miguu ikavimba, na daktari akatuambia wazi kwamba ni moyo, umechoka na umepanuka, na kwamba alikuwa nao hivyo kwa miaka mingi bila kujua. Nalisema hili polepole kwa ajili ya wale waliotembeza maneno wiki hii kwamba aliuawa na wadudu wa baharini, au kwamba mkewe alimlisha kitu. Wanjira alimlisha uji kwa kijiko kwa muda wa miezi minne, akamwosha, akambeba, na atakayerudia maneno hayo na ayarudie nikiwepo.

Alilazwa tarehe 22 Mei. Jumapili tarehe 4 Juni, saa ya kuwaona wagonjwa, baba alikuwa amewasili kutoka nyumbani, na Mzee Mungai akawa amekuja kutoka Uthiru, bila yeyote kupanga, na nesi akasema wanaruhusiwa kuingia wawili tu. Mimi na Wanjira tukatazamana, tukarudi nyuma. Wazee wawili wakaingia, mmoja akasimama upande huu wa kitanda na mwingine upande ule, nami nikiwa mlangoni niliona Shem akifumbua macho, akamtazama huyu, akamtazama yule, akajaribu kuinuka kwenye mto kama mwenye nyumba aliyefikiwa na wageni, akashindwa, akauliza, "Mmekula?"

Wote wawili mkajibu kwa pamoja, "Tumeshiba."

Baba, nilikukuta asubuhi ile, hukuwa umetia hata chai kinywani. Mzee Mungai, Ndungu ameniambia ulitoka nyumbani mapema na hukutaka kusimama popote. Ndilo jambo la pekee nililowahi kuwasikia mkikubaliana, na mlikubaliana kukataa. Najua mlisema kwa upole, ili asisumbuke, na yeye akaitikia kwa kichwa, akageukia ukutani. Ijumaa tarehe 9 Juni 1978, asubuhi, ndugu yangu alifariki, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, nesi yule aliyemruhusu Wanjira abaki hata baada ya kengele kulia, wafanyakazi wenzake wa hotelini waliokuja kila jioni wakiwa bado wananuka vitunguu, Mwanzia, ambaye ameacha safari yake ya leo, Mukonyo na majirani wote wa Jamhuri, waliotuazima kuni, viti na subira, na mchungaji wetu pamoja na akina mama wa kanisa, ambao sufuria yao tumeitumia kuliko wao wenyewe. Kwa wasiotajwa, msione vibaya, nimechoka.

Gari la kwenda Kimilili litaondoka saa nane, na kabla ya hapo mtakula. Chakula ni ugali, nyama ya ng'ombe, irio na sukumawiki, hakuna mdudu ndani yake, na meza iko nyuma ya nyumba, nayo ni moja, nimeiunganisha mimi mwenyewe asubuhi na nimeagiza mahema yote mawili yafunguliwe mara nitakapomaliza kusoma. Baba, nimefikiria juu ya mila yetu usiku na mchana, na ninaiheshimu. Inasema mwanamume asile pamoja na mama mkwe wake. Mama Njambi, mkweo ndiye huyu aliye ndani ya sanduku. Hatanyoosha mkono tena. Kwa hiyo leo hakuna mila ya upande wowote inayomzuia mtu yeyote hapa kuketi, na wala sina haja ya kukimbia kumwambia mmoja wenu kama mwenzake amefika, kwa maana naona mmefika wote, na mwenyeji wenu ametangulia kabla yenu nyote.

Shem, mwana wa mama yangu, umesimama motoni vya kutosha. Weka mwiko chini, upumzike kwa amani.